ZX Spectrum: kutoka 16K hadi 48K, na programu zinazoikubali kumbukumbu mpya

Anayepata leo ZX Spectrum ya 16K, yaani kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Sinclair yenye kumbukumbu ya kilobaiti (KB) 16, huuliza kwanza anunue chipu gani ili iwe 48K. Swali hilo ni la haki, ila linakuja mapema. Kompyuta za nyumbani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazikuwa na mfumo wa kuzigawia programu kumbukumbu kama zinavyofanya simu za siku hizi. Mtunzi wa programu aliijua ramani ya kumbukumbu ya mashine kwa kichwa, akaweka kazi yake kwenye anwani alizozichagua mwenyewe, basi. Programu haiulizi kama anwani hizo zipo; inaziendea moja kwa moja, na zisipokuwepo mashine inaganda au inajizima na kuanza upya. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu KB, jua kumbukumbu unayoiongeza itakaa kwenye anwani zipi, na programu unayoitaka inategemea zipi.

Tuanze na ramani yenyewe. Prosesa ya Z80 inaona anwani 65,536, kuanzia 0 hadi 65535. Katika Spectrum, anwani 0 hadi 16383 ni ROM (kumbukumbu isiyofutika), ambamo mna BASIC, lugha ya kuandikia programu. Kuanzia 16384 hadi 32767 ni RAM (kumbukumbu ya kazi) ya chini, na ndiyo pekee iliyomo kwenye mashine ya 16K. Lakini hiyo 16K haiwi yako yote. Skrini inachukua baiti 6,912 za mwanzo: 6,144 za nukta na 768 za rangi. Ukitoa na sehemu ambayo BASIC inaitumia kwa hesabu zake, unabaki na takribani KB 9 za kuandikia programu. Kuanzia 32768 hadi 65535 ni RAM ya juu, KB 32 kamili, na kwenye mashine ya 16K hapo pana soketi tupu au mashimo matupu ya kulehemu. Spectrum ilipotangazwa tarehe 23 Aprili 1982, ya 16K iliuzwa pauni 125 na ya 48K pauni 175. Wengi walinunua ndogo, na ndiyo maana hadi leo zinaonekana mashine za 16K zinazosubiri kuongezewa.

Chipu za nusu

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kumbukumbu ya chini na ya juu hazitumii chipu za aina moja. Ya chini ni chipu nane za 4116, IC6 hadi IC13 (namba za IC ni majina ya nafasi za chipu kwenye bodi). Kila moja hubeba biti 16,384, na zinahitaji umeme wa aina tatu: volti -5 kwenye pini ya 1, volti +12 kwenye pini ya 8, na volti +5 kwenye pini ya 9. Ya juu ni chipu nane pia, IC15 hadi IC22, lakini hizi zinataka volti +5 tu, na zinaipokea kwenye pini ya 8. Ukichomeka chipu ya juu kwenye nafasi ya chini, pini yake ya 8 inakula volti 12 badala ya 5, na hiyo chipu ndiyo basi tena. Kwa macho zinafanana kabisa, zote zina pini 16, kwa hiyo soma maandishi mgongoni mwa kila chipu kabla hujaigusisha kwenye bodi.

Chipu za juu zilizotoka kiwandani zilikuwa na ujanja wa bei. Wakati ule chipu ya biti 65,536 ilikuwa ghali, na nyingi zilitoka na kasoro upande mmoja tu. Watengenezaji hawakuzitupa. Walizipima, wakazitia alama ya nusu ipi ni nzima, wakaziuza kama chipu za biti 32,768. Za Texas Instruments ziliitwa TMS4532, na mwishoni mwa jina kuna 3 au 4 kuonyesha nusu iliyo nzima. Za OKI ziliitwa MSM3732, na herufi L au H inafanya kazi hiyohiyo. Chipu nane za nusu nzima zinatoa KB 32, na Sinclair akapata mashine ya bei nafuu.

Kwenye bodi, karibu na chipu hizo, kuna vijidaraja vya waya vinavyoiambia saketi ni chipu za nani, TI au OKI, na ni nusu ipi, 3 au 4. Kutoka hapo sheria ni mbili. Chipu zote nane ziwe za mtengenezaji mmoja na alama moja. Huwezi kuchanganya nne za alama 3 na nne za alama 4, kwa sababu kijidaraja ni kimoja kwa zote. Na kijidaraja kikae sawa na alama ya chipu, la sivyo utakuwa unasoma ile nusu mbovu, na mashine itaonyesha hitilafu zinazohamahama bila mpangilio.

Leo 4532 zilizopimwa ni adimu na bei yake haina maana. Nunua 4164, ambazo ni nzima pande zote mbili. Hizo zinakubali kijidaraja kikiwa upande wowote, mradi kiwepo, kisiachwe wazi. Kasi ya nanosekunde 150 au 200 inatosha. Kuna sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: chagua 4164 zinazohuishwa kwa mizunguko 128. Kumbukumbu ya aina hii husahau isipoguswa kila baada ya milisekunde chache, na kazi ya kuigusa RAM ya juu anaifanya Z80 mwenyewe kwa kihesabio cha biti 7, yaani safu 128. Zipo 4164 zinazotaka safu 256, zikiwemo TMS4164 za Texas Instruments, na ukiziweka unaweza kupata mashine inayowaka vizuri kisha inapoteza data baada ya muda mfupi. Karatasi ya maelezo ya chipu husema idadi ya mizunguko. Iangalie kabla ya kulipa.

Vifaa na kazi

RAM peke yake haitoshi. Mashine ya 16K inakosa pia chipu nne za mantiki zinazoigawa anwani na kuipeleka kwenye RAM ya juu: IC23 ni 74LS32, IC24 ni 74LS00, IC25 na IC26 ni 74LS157. Jumla ni chipu 12. Kama bodi ina mashimo tu bila soketi, utahitaji soketi kumi za pini 16 na mbili za pini 14. Usiruke soketi ili kuokoa hela kidogo. Chipu za miaka arobaini hufa, na kuing'oa chipu iliyolehemiwa kwenye bodi ya zamani mara nyingi hunyanyua na njia za shaba. Chipu za mantiki ziwe za familia ya LS kama zilivyoandikwa. Muda kati ya ishara ya safu na ishara ya nguzo unatokana na ucheleweshaji wa milango hiyo yenyewe, na familia yenye kasi tofauti inaubadilisha.

Maelezo haya ni ya bodi za Toleo la 2 na la 3. Namba ya toleo imeandikwa kwenye bodi yenyewe. Toleo la 1 ni kitu kingine. Halina nafasi ya chipu hizi, lilitumia kibao kidogo kilichopandikizwa juu, na kwa mashine ya namna hiyo ni heri kutafuta kibao kilichotengenezwa kwa ajili yake kuliko kuunda waya kwa waya.

Fungua skrubu tano chini ya kasha. Inua sehemu ya juu polepole, kwa sababu kibodi imeunganishwa na bodi kwa kanda mbili za plastiki, mmoja wa njia 5 na mwingine wa njia 8. Kwa umri wake plastiki hiyo imekakamaa na hukatika ukiivuta kwa pembe. Ivute wima, ukiishika karibu kabisa na soketi. Ikikatika, agiza utando mpya wa kibodi. Unatengenezwa hadi leo na ni rahisi kuliko kuunga ule wa zamani.

Kabla ya kuchomeka chipu hata moja, pima umeme. Washa mashine ikiwa bado 16K, weka ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi, na pima IC6: pini ya 1 isomeke karibu na -5, ya 8 karibu na +12, ya 9 karibu na +5. Kisha pima soketi tupu ya IC15: pini ya 8 iwe +5 na ya 16 iwe 0. Volti -5 na +12 zinazalishwa na saketi ndogo yenye transista TR4 na TR5, na TR4 ndiyo inayokufa mara nyingi. Volti -5 ikipotea huku +12 ipo, chipu za 4116 huungua moja baada ya nyingine. Mashine yenye dalili hiyo isiwashwewashwe kwa majaribio. Tengeneza kwanza TR4, ndipo ufikirie kuongeza kumbukumbu.

Sababu kubwa ya TR4 kufa ni kuchomoa au kuchomeka kifaa nyuma ya mashine wakati umeme umewashwa. Pini za pale nyuma zimekaa karibukaribu, na kifaa kikienda upande kidogo tu kinagusanisha zisizopaswa kugusana. Zima kwanza, kila mara.

Umeme ukiwa sawa, zima, chomoa waya wa umeme, kisha chomeka chipu za mantiki na RAM. Alama ya nusu duara kwenye chipu ielekee upande uleule wa alama iliyochorwa kwenye bodi. Angalia kila pini imeingia. Pini iliyojikunja chini ya tumbo la chipu ni kosa la kawaida mno na halionekani kwa kutazama kutoka juu. Lete taa, inama, tazama kwa ubavu.

Kuhusu adapta: Spectrum inataka volti 9 za umeme mnyoofu, ampea 1.4, na chanya iko nje, hasi iko katikati ya plagi. Hiyo ni kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa madukani leo. Adapta ya volti 9 iliyonunuliwa kwa ajili ya kifaa kingine inaweza kuingia vizuri kabisa na kuiua mashine papo hapo. Adapta ya asili ya Uingereza inafanya kazi Kenya na Tanzania bila transfoma ya kubadilisha umeme, lakini kwa umri wake ni salama zaidi kuiweka kabatini na kutumia mpya ya kisasa yenye mwelekeo sahihi.

Skrini ikisema sawa, usiamini bado

Ukiwasha na kupata skrini nyeupe yenye maandishi © 1982 Sinclair Research Ltd, andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Mashine ya 16K hujibu 32767. Mashine ya 48K nzima hujibu 65535. Jibu la katikati maana yake ROM ilipokuwa inajaribu RAM ilikutana na baiti mbovu ikasimama hapo, na namba unayoiona ni anwani ya mwisho iliyofaulu.

Wengi husherehekea 65535, na wiki ijayo wanalalamika kwamba gemu zinaanguka. Sababu iko kwenye jaribio lenyewe. ROM inapowasha huandika namba 2 kila mahali, kisha inarudi ikipunguza moja kwa moja: 2 inakuwa 1, 1 inakuwa 0. Ukizitazama namba hizo kwa biti, ni biti mbili za chini tu zinazowahi kubeba 1. Biti sita zilizobaki hazikuulizwa hata mara moja kama zinaweza kushika 1. Chipu iliyokwama kwenye 0 katika biti hizo sita itapita mtihani wa ROM bila kukwaruzwa.

Kwa hiyo fanya mtihani wako mwenyewe. Huu ni mfupi, na BASIC inatosha:

10 CLEAR 32767
20 FOR a=32768 TO 65535: POKE a,170: NEXT a
30 FOR a=32768 TO 65535
40 IF PEEK a<>170 THEN PRINT a;" ";PEEK a: STOP
50 NEXT a: PRINT "SAWA"

Mstari wa 10 unaishusha BASIC yote chini ya 32768 ili isijikate mguu inapoandika juu. Mtihani unajaza kwanza RAM yote ya juu, ndipo unarudi kusoma, na hilo ni la makusudi: chipu isiyohuishwa ipasavyo hujibu sawa ukiisoma papo hapo, inasahau baadaye. Kazi yote inachukua dakika kadhaa, iache. Ikimaliza, badilisha 170 kuwa 85 kwenye mistari ya 20 na 40, urudie. Namba hizo mbili zinakamilishana: biti inayobeba 1 kwenye 170 inabeba 0 kwenye 85.

Hapa ndipo unapoona faida ya muundo wa Spectrum. Kila chipu ya RAM hubeba biti moja tu ya kila baiti. IC15 ina biti yenye thamani ya 1, IC16 ina 2, IC17 ina 4, IC18 ina 8, IC19 ina 16, IC20 ina 32, IC21 ina 64, na IC22 ina 128. Kwa hiyo tofauti kati ya ulichoandika na ulichosoma inakutajia chipu kwa jina. Uliandika 170 ukasoma 42: imepungua 128, badilisha IC22. Uliandika 85 ukasoma 69: imepungua 16, ni IC19. Hubahatishi, hubadilishi chipu nane ili kuitafuta moja.

Tofauti ikiwa ni ya biti nyingi kwa pamoja, au ikibadilika kila anwani, acha RAM. Hapo mshukiwa ni IC25 au IC26 inayopanga anwani, kijidaraja kilichowekwa vibaya, au soketi isiyoshika. Na mashine ikikataa kabisa kuwaka baada ya kuongeza chipu, zima, toa chipu zote nane za juu, na uwashe tena. Ikirudi kuwa 16K nzima, tatizo ni la juu. RAM ya chini imetenganishwa na njia ya data ya prosesa kwa vipinga, lakini ya juu haina kinga hiyo, na chipu moja yenye shoti ndani inaweza kuizuia Z80 isisome hata ROM.

Programu gani sasa

Mashine ikishakuwa 48K, mlango unafunguka kwelikweli. Sehemu kubwa ya programu za Spectrum ziliandikwa kwa ajili ya 48K, na gemu kama Manic Miner ya mwaka 1983 haziwezi kuingia kwenye 16K kwa namna yoyote. Gemu za 16K kama Jetpac, ya mwaka huohuo, zinaendelea kufanya kazi kwenye 48K, kwa sababu anwani zake bado zipo palepale.

Lakini si zote. Herufi anazozichora mtumiaji mwenyewe hukaa mwisho kabisa wa kumbukumbu: kwenye 16K zinaanzia anwani 32600, kwenye 48K zinaanzia 65368. Programu iliyoandikwa kwa USR "a" huiuliza mashine anwani hiyo na inafanya kazi kotekote. Programu iliyoandika 32600 moja kwa moja ndani ya msimbo itachora herufi mahali ambapo 48K haiangalii, na kwenye skrini utaona herufi kubwa za kawaida A, B, C badala ya picha. Ukiona hivyo kwenye programu ya BASIC, tafuta 32600 kwenye mistari yake, badilisha iwe USR "a", na tatizo limekwisha.

Tatizo lingine linategemea toleo la bodi, wala halihusiani na kumbukumbu, ila watu huwa wanailaumu kumbukumbu mpya. Kibodi inasomwa kupitia poti 254 (poti ni mlango ambao Z80 hupokelea na kutolea data). Bila kitufe kubonyezwa, bodi za Toleo la 2 hujibu 255; za Toleo la 3 hujibu 191, kwa kuwa biti moja isiyo ya kibodi imegeuka. Programu chache za mwanzo zililinganisha jibu zima na 255, na kwenye Toleo la 3 hudhani kuna kitufe kimebonyezwa daima. Zikikusumbua, usiing'oe RAM. Tafuta nakala iliyosahihishwa ya programu hiyo.

Wanaoandika programu zao wenyewe kwa lugha ya mashine wana zawadi zaidi hapa. RAM ya chini inagombaniwa: chipu ya picha inaisoma kila mara inapochora skrini, na Z80 ikiitaka wakati huohuo inasubirishwa. RAM ya juu haina ugomvi huo. Msimbo uliowekwa juu ya 32768 unakimbia haraka kuliko msimbo uleule uliowekwa chini, na hesabu za muda, kama za sauti au za rangi zinazobadilika katikati ya skrini, zinatoka sawasawa.

Kwa kutafuta programu zenyewe, hifadhidata ya Spectrum Computing huandika kwa kila programu aina ya mashine inayohitajika. Soma sehemu hiyo kwanza kabla ya kupakua. Wapo wenye haki waliokataa gemu zao zisambazwe, na hizo hutazipata huko kwa njia halali. Kaseti ya asili bado ndiyo njia. Mafaili ya TZX na TAP ni nakala za kaseti: la TZX linaweza kubeba ndani yake maelezo ya mashine inayofaa, la TAP halina. Picha ya kumbukumbu ya aina ya SNA inajieleza kwa ukubwa wake: baiti 49,179 ni ya 48K, yaani baiti 49,152 za RAM na 27 za hali ya prosesa. Ukikuta SNA ya baiti 131,103 au 147,487, hiyo ni ya mashine ya 128K na haitaingia kwako.

Ukiwa na shaka, jaribu kwanza kwenye emuleta, yaani programu inayoiga Spectrum kwenye kompyuta ya kisasa. Fuse ni ya bure, na inakuruhusu kuchagua Spectrum iwe ya 16K, 48K, 128K, +2, +2A au +3. Amstrad, iliyonunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, imeruhusu ROM za Spectrum zisambazwe pamoja na emuleta, kwa hiyo hakuna utata hapo. Programu ikianguka kwenye 48K ya emuleta, usitarajie ifanye kazi kwenye mashine yako.

Kwa nini 128K ni habari nyingine

Wapo wanaotaka kuruka hadi 128K. Fahamu kwanza kwamba Z80 bado inaona anwani 65,536 tu. Spectrum 128, iliyoanza kuuzwa Hispania mwaka 1985 na Uingereza mwaka 1986, ilitatua hilo kwa kugawa kumbukumbu kwenye benki nane za KB 16 na kuzibadilisha kwa zamu kwenye anwani 49152 na kuendelea, kwa kuandika namba kwenye poti 32765. Biti tatu za chini huchagua benki, ya nne huchagua skrini, ya tano huchagua ROM, na ya sita hufunga kila kitu hadi mashine izimwe au iwashwe upya.

Kwa hiyo programu ya 48K haipati faida yoyote kutoka kwenye KB za ziada. Haijui kwamba zipo. Na programu ya 128K haitaki RAM tu. Inataka poti hiyo, mara nyingi inataka chipu ya sauti ya AY, na wakati mwingine ROM ya pili. Kibao cha kuongeza kinachotoa benki bila sauti kitazipakia baadhi ya gemu na kuziacha bubu.

Halafu kuna mgongano ambao umewachanganya wengi. Kwenye 48K, baiti 256 kuanzia 23296 ni akiba ya printa, na kwa kuwa wachache walikuwa na printa, watunzi walizoea kuficha vipande vya msimbo humo. Kwenye 128 sehemu hiyohiyo ina kumbukumbu za mfumo wa benki. Programu ya namna hiyo ikipakiwa kutoka menyu kuu ya 128 inavunja mfumo na kuanguka. Dawa ni kuchagua 48 BASIC kwenye menyu kwanza. Chaguo hilo linafunga benki kabisa. Kama programu yako inataka mazingira ya 48 lakini benki zibaki wazi, kama zilivyo kazi nyingi za wasanii wa Urusi, ingia kwa RANDOMIZE USR 0 kutoka BASIC ya 128.

Kwenye +2A na +3 hali ni ngumu zaidi, maana Amstrad ilibadilisha saketi na mpangilio wa pini za nyuma. Interface 1, kifaa cha nyongeza cha Sinclair, haifanyi kazi kwenye mashine hizo, na baadhi ya gemu za 48K zinazosoma data inayopita kati ya chipu ya picha na RAM, Arkanoid ikiwa mojawapo, hukwama.

Kupakia kutoka kwenye simu

Geuza TAP au TZX kuwa WAV. Tape2wav inayokuja na zana za Fuse inatosha. Iache iwe WAV, usiibane kuwa MP3, kwa sababu kubana kunalainisha kingo za mawimbi ambazo Spectrum inazipimia muda. Chomeka waya kwenye soketi ya EAR, zima Bluetooth, kisawazisha sauti na arifa zote za simu, pandisha sauti karibu na mwisho, kisha andika LOAD "" na ubonyeze ENTER. Mistari mipana ya nyekundu na samawati kingoni mwa skrini ni ishara ya mwanzo. Mistari myembamba ya bluu na njano ni data. Ikibaki nyekundu na samawati bila kugeuka, au mistari ikitetemeka bila mpangilio, sauti ni ndogo. Mistari ikiwa mizuri kisha ukapata R Tape loading error katikati, mara nyingi sauti ni kubwa mno au arifa ya simu imepita. Simu nyingi hazitoi nguvu ya kutosha hata zikiwa juu kabisa. Kikuza sauti kidogo cha spika za kompyuta, kikiunganishwa kati ya simu na EAR, humaliza tatizo hilo. Programu kamili ya 48K huchukua karibu dakika tano kupakiwa.